Picha ghafi za sayari: Cassini, JunoCam, Perseverance au Voyager, uanze na zipi?

Picha za Zohali na Mshtarii unazoziona mitandaoni hazikutoka kwenye kamera zikiwa na sura ile. Chombo hutuma duniani vipande vya rangi ya kijivu, vingine vina madoa, vingine vimepinda, kisha mtu hukaa mbele ya kompyuta akavikata, akavipanga na kuvipa rangi. Vipande hivyo vimewekwa wazi kwa kila mtu: hakuna ada wala barua ya maombi. Picha nyingi za JunoCam, kamera ya chombo Juno kilichotumwa Mshtarii, zilizowaacha watu vinywa wazi zimetengenezwa na wapenzi wa kazi hii, mfano Gerald Eichstädt, mwanahisabati wa Ujerumani, na Kevin M. Gill, mhandisi wa programu wa Marekani.

Kazi kubwa kwa anayeanza ni kuchagua aanzie wapi. Hapa tunalinganisha hazina nne: chombo Cassini cha Zohali, JunoCam, kigari Perseverance cha Mirihi na vyombo vya Voyager vilivyopita sayari za mbali; na mbili nyingine tunazigusa kwa kupita. Jibu letu tunalitanguliza: kama hujawahi kuunda picha ya rangi kutokana na picha tatu za kijivu, kila moja ikiwa imepigwa kupitia kioo cha rangi yake (filta), anza na Cassini. JunoCam ndiyo yenye picha za kusisimua kuliko zote, lakini anayeanza nayo hukutana na makosa matatu kwa mpigo na hajui lipi limetoka wapi. Kwa Cassini makosa huja moja moja, na kila moja lina dawa yake.

Bando na mashine

Hesabu ya ukubwa wa faili ni rahisi. Picha kamili ya Cassini ina pikseli 1,024 kwa 1,024. Ikiwa ghafi, kila pikseli ni baiti moja, basi faili ni kama MB 1. Ikiwa imesahihishwa na wataalamu, kila pikseli ni baiti nne, basi ni MB 4. Picha ya rangi inataka tatu, kwa hiyo MB 12 zinakutosha. Voyager ni nyepesi zaidi: pikseli 800 kwa 800, chini ya MB 1. Faili ya JunoCam huwa ndefu sana na kufikia megabaiti kadhaa. Perseverance kila picha moja ni ndogo, ila panorama, yaani picha pana ya kuunganishwa, hudai makumi ya picha, na hapo ndipo bando hukatika.

Kwa Cassini na Voyager, kompyuta ya kawaida yenye GIMP inamudu. GIMP ni programu ya bure ya kuhariri picha. Kwa panorama za Mirihi ongeza Hugin, programu ya kuunganisha picha, nayo ya bure. JunoCam ukiitaka kwa usahihi utahitaji ISIS, programu ya idara ya jiolojia ya Marekani, USGS, ambayo ni ya kuandika amri na hukaa vizuri zaidi kwenye Linux.

Kamera ya HiRISE, inayoizunguka Mirihi tangu 2006 na kuona vitu vya ukubwa wa meza, tumeiweka kando kwa sababu ya uzito tu. Picha yake moja inaweza kuwa na upana wa pikseli 20,000, na faili huhesabiwa kwa mamia ya megabaiti. Kama una intaneti ya ofisini isiyo na kikomo, hilo ni jambo jingine.

Cassini

Cassini ilifika Zohali tarehe 1 Julai 2004 na ikaingizwa kwa makusudi ndani ya sayari hiyo tarehe 15 Septemba 2017. Ilipiga picha 453,048. Ilikuwa na kamera mbili: moja ya lenzi ndefu ya milimita 2,000, nyingine ya milimita 200. Jina la faili hukueleza ni ipi: N ni ya lenzi ndefu, W ni ya lenzi pana, na tarakimu zinazofuata ni saa ya chombo kwa sekunde. Faili mbili ambazo namba zake zimepishana kwa 40 zilipigwa kwa tofauti ya kama sekunde 40. Zoea kusoma namba hizo, kwa maana ndizo zitakazokuambia kama picha zako tatu zinaendana.

Mahali pa kutafutia ni OPUS, mtambo wa utafutaji wa taasisi ya SETI. Chagua chombo, chagua gimba unalolitaka, halafu punguza matokeo kwa filta. Unazozihitaji kwa rangi inayokaribia ya macho ni RED, GRN na BL1, yaani nyekundu, kijani na bluu. Tafuta tatu zilizofuatana, za kamera ileile. Angalia pia ukubwa: baadhi ya picha zilibanwa ndani ya kamera zikawa pikseli 512 au 256 ili kuokoa nafasi. Ukikuta bluu ni 512 na nyingine ni 1,024, ikuze hiyo bluu mara mbili kabla ya kuendelea.

Sasa uamuzi wa kwanza. Kuna matoleo mawili ya picha hizi: JPEG za haraka zilizowekwa kwa umma siku zile zilipofika, na faili zilizosahihishwa ambazo jina lake huishia CALIB. Za JPEG zinavutia kwa wepesi, lakini kila moja iliongezewa mwanga na kompyuta bila kuzitazama nyenzake. Uwiano kati ya nyekundu, kijani na bluu umeshavurugika humo, na hakuna ufundi utakaourudisha. Utabaki kubahatisha hadi Zohali ionekane ya njano. Chukua CALIB. GIMP haisomi aina hiyo ya faili, kwa hiyo igeuze kwanza kwa programu ndogo ya IMG2PNG ya Björn Jónsson. Hakikisha mipaka ya giza na mwanga, yaani thamani zitakazogeuka nyeusi kabisa na nyeupe kabisa, ni ileile kwa faili zote tatu. Kwa mwezi Enceladus usiweke mpaka wa juu kwenye 1 ukidhani umefika mwisho: barafu yake hurudisha mwanga kwa nguvu kiasi kwamba thamani hupita 1, na ukikata hapo uso wake utakuwa bamba jeupe lisilo na mifereji.

Baada ya hapo fungua zote tatu kama tabaka katika GIMP, nyekundu ikiwa chini. Chukua tabaka la kijani, ligeuze hali yake iwe "Difference", kisha lisogeze kwa mishale ya kibodi. Penye kulingana panakuwa peusi. Pasipolingana kingo hung'aa. Ukingo ukizima pande zote, umepata. Rudia kwa bluu, rudisha tabaka zote kwenye hali ya kawaida, halafu nenda "Colors", "Components", "Compose" uziunganishe.

Kosa la kawaida ni kivuli cha rangi kwenye miezi. Kati ya filta ya kwanza na ya tatu mwezi umeshasogea mbele ya Zohali, kwa hiyo ukilinganisha sayari, mwezi unakuwa vidoa vitatu: chekundu, cha kijani na cha bluu. Usijaribu kuvilazimisha vyote pamoja. Linganisha sayari, hifadhi. Anza upya ulinganishe mwezi, ukate, uupachike juu. Vidoa vyeupe vilivyotawanyika kama mchanga ni miale ya kosmiki iliyogonga chipu ya kamera. Kwa kuwa hujitokeza kwenye filta moja tu, huonekana kama nukta za rangi kali, na brashi ya kunakili inazifuta. Bila filta ya kijani, wastani wa nyekundu na bluu hutoa kijani cha kuazima kinachokubalika kwa Zohali. Useme hivyo chini ya picha.

Mwenye kutaka kitu cha kumsimamisha nywele atafute Enceladus ikiwa na Jua nyuma yake. OPUS inakuruhusu kuchagua pembe ya mwanga. Weka zaidi ya nyuzi 150. Nusu ya kazi hapo ni kuongeza mwanga wa sehemu za giza tu. Ukivuta mkunjo wa mwanga ("Curves" katika GIMP) polepole, kwenye ncha ya kusini huanza kuota nyuzi hafifu, na hizo nyuzi ni maji yanayorushwa angani kutoka kwenye bahari iliyo chini ya barafu. Hakuna rangi wala filta tatu, ni picha moja ya kijivu, nasi tunaiona kuwa zawadi kubwa kuliko zote ambazo hazina hii inampa anayeanza.

JunoCam

Juno iliingia kwenye mzingo wa Mshtarii Julai 2016, na kamera yake iliwekwa hasa kwa ajili ya umma. Ugumu wake unatokana na jinsi chombo chenyewe kinavyokwenda: kinajizungusha kama mara mbili kwa dakika, na kamera haina gurudumu la filta. Filta zimebandikwa kama mikanda juu ya chipu, na mzunguko wa chombo ndio unaopitisha sayari mbele ya kila mkanda.

Ukipakua picha ya rangi, unapata mnara mrefu wenye upana wa pikseli 1,648. Kila vipande vitatu vya mistari 128 ni pigo moja: bluu, kijani, nyekundu, halafu pigo linalofuata huanza tena na bluu. Gawanya urefu wa faili kwa 384 upate idadi ya mapigo. Kati ya pigo na pigo hupita kama sekunde 0.37, na kwa kasi ile ya kuzunguka taswira husogea kama pikseli 115. Kwa kuwa kipande kina 128, vipande viwili vya rangi moja hupishana kwa mistari kama 13 tu.

Ukivipanga kwa mkono kwa hatua ya 115, utapata rasimu, na rasimu hiyo itakuonyesha mawingu. Lakini kingo zitakuwa na pindo nyekundu upande mmoja na bluu upande wa pili. Sababu ni mbili. Karibu na Mshtarii chombo hukimbia kama kilomita 58 kwa sekunde, huku kikiwa kilomita 4,000 na kitu juu ya mawingu. Muda ule wa sekunde 0.37 kimeshasogea kilomita 21, ambazo ni kama pikseli saba kwa ukaribu huo. Halafu lenzi ni pana, nyuzi 58, na lenzi pana hupinda mistari kuelekea pembeni. Hatua sahihi hubadilika basi kutoka kipande hadi kipande, na hata ndani ya kipande kimoja.

Dawa ni kumwachia ISIS hesabu: junocam2isis hukata vipande, spiceinit huweka mahali chombo kilipokuwa na kilikotazama, cam2map huvibandika juu ya umbo la sayari, automos huviunga. Unapotumia spiceinit chagua njia ya mtandaoni, la sivyo utapakua gigabaiti za data za mzingo kwa ajili ya picha moja. Asiyetaka safari hiyo atumie toleo lililokwisha kuunganishwa ambalo huwekwa kwenye tovuti ya Juno pamoja na ghafi. Si kali sana, ila linatosha kujifunza rangi na mkunjo wa mwanga.

Jambo jingine huwaponyoka wengi: thamani za mwanga katika faili ghafi zilibanwa kwa mtindo wa kipeuo cha pili ili biti 12 zitoshee kwenye 8. Bila kuzifungua kwanza, kila unachofanya kwenye rangi kitakuwa na walakini. Bluu nayo hutoka hafifu na lazima iongezwe.

Chagua kwa busara mzunguko wa Juno kuizunguka Mshtarii. Jina la faili linakusaidia: JNCE_2017139_06C ni mwaka 2017, siku ya 139, yaani 19 Mei, mzunguko wa 6, na C ni rangi. Mizunguko ya mwanzo ni safi. Mzunguko wa 7, Julai 2017, ulipita kama kilomita 9,000 juu ya Doa Kubwa Jekundu, na huo ndio tunaowapa watu kwanza. Kuanzia mzunguko wa 47 mionzi ya Mshtarii ilianza kuacha alama kwenye kamera, na kufikia wa 56 karibu kila picha ilikuwa imechafuka kwa mistari. Wahandisi waliipasha kamera joto, juu kuliko kawaida yake, ikapona kwa wakati kuupiga mwezi Io kutoka kilomita 1,500 tarehe 30 Desemba 2023. Cassini ilikuwa na kisa kama hicho: mwaka 2001 ukungu ulifunika kamera yake ya lenzi ndefu, ikapashwa joto kwa awamu hadi ukatoka mwaka 2002, kabla ya kufika Zohali.

Perseverance na Mirihi

Kama unataka matokeo leo jioni, njoo hapa. Kigari kilitua kwenye kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021, na picha huwekwa mtandaoni mara zinapofika. Kamera mbili za Mastcam-Z hupiga rangi moja kwa moja, pikseli 1,600 kwa 1,200, kwa hiyo hakuna kuunganisha filta. ZL mwanzoni mwa jina ni jicho la kushoto, ZR la kulia, na tarakimu nne baada ya alama ya kwanza ya _ ni siku ya Mirihi tangu kutua.

Macho hayo mawili yametengana kama sentimita 24 na yana lenzi za kuvuta zinazolingana, hivyo jozi moja inakupa picha ya kutazama kwa miwani ya nyekundu na samawati. Kwa kigari cha Curiosity hilo ni gumu, maana jicho moja ni la milimita 34 na jingine 100.

Panorama ndiyo kazi yenyewe. Chagua picha za siku moja, za jicho moja na kiasi kilekile cha kuvuta, uziingize Hugin. Milima ya mbali itaungana bila shida. Sehemu za kigari chenyewe zitakatika, kwa sababu mlingoti wa kamera hauzungukii katikati ya lenzi. Vitu vya karibu huonekana kutoka pembe tofauti katika kila picha. Kata sehemu ya chini, au chagua mstari wa muungano upite kwenye mchanga usio na kitu. Vivuli vikielekea pande mbili, ujue umechanganya picha za asubuhi na za alasiri.

Dunia yenyewe

Anayetaka kuiona pwani yetu kutoka kilomita milioni 1.5 aende kwenye kumbukumbu za kamera ya EPIC, iliyo kwenye chombo DSCOVR. Muda katika majina ya faili ni wa UTC, saa ya kimataifa. Dar es Salaam na Mombasa huwa katikati ya duara karibu na saa 09:24 UTC, ambayo kwetu ni saa sita na dakika ishirini na nne mchana, basi chagua faili za 08:30 hadi 10:30. Kati ya 27 Juni 2019 na Machi 2020 usitafute, chombo kilikuwa kimesimamishwa. Hapa pia filta hupigwa kwa zamu: Mwezi ulipopita mbele ya Dunia tarehe 16 Julai 2015, ulitoka na pindo la kijani upande wa kulia, kwa sababu mapigo yalipishana kwa kama sekunde 30.

Rangi gani ni ya kweli

Hapa tuna msimamo. Mshtarii kwa macho ni wa rangi ya maziwa na kahawia hafifu. Ile bluu ya wino na chungwa kali ni mwanga uliovutwa, na kuuvuta si dhambi, kwa kuwa ndio unaofichua mizunguko ya mawingu. Dhambi ni kunyamaza. Andika chini ya picha filta ulizotumia na kama rangi zimeongezwa. Mirihi ina mtego wake: wanajiolojia hurekebisha rangi ili miamba ionekane kama ingekuwa chini ya mwanga wa Dunia, na hapo anga hutoka ya buluu isiyo yake. Taja na chanzo: kwa Juno ni NASA/JPL-Caltech/SwRI/MSSS, kwa Cassini NASA/JPL-Caltech/Space Science Institute. Halafu weka jina lako kama mtengenezaji, umelifanyia kazi.

Voyager

Tumeiacha mwisho kwa kuwa ni ya mtu aliyekwisha kuzoea Cassini. Kamera zake si za chipu bali za bomba la kizamani, na bomba hilo halikuona wekundu wa mbali. Filta ya mwisho kuelekea wekundu ni ya chungwa, kwa hiyo rangi ya macho huwa ya kukisia, na mwenye kutafuta Mshtarii wa kweli asije huku. Picha zimejaa nukta nyeusi zilizopangwa kwa safu. Zilichorwa ndani ya kamera ili kupima upindaji. Katika OPUS usianze na RAW. Chukua GEOMED: nukta zimefutwa, upindaji umenyooshwa, na picha imekuwa pikseli 1,000 kwa 1,000.

Kinachoifanya istahili ni mahali ilikofika. Zaidi ya Voyager 2, hakuna chombo kingine kilichopita karibu na Uranus, 24 Januari 1986, wala Neptuni, 25 Agosti 1989. Ukitaka sayari hizo kwa karibu, huna pa kuchagua. Na tarehe 14 Februari 1990, kutoka kama kilomita bilioni 6, Voyager 1 iliipiga Dunia kwa filta tatu, ikatoka ndogo kuliko pikseli moja, ndani ya mstari wa mwanga wa Jua uliotawanyika katika kamera. Mstari ule ni dosari ya lenzi, na watu wengi huukumbuka kabla ya nukta yenyewe.

Zoezi la kwanza tunalolipendekeza ni Io, Machi 1979. Linda Morabito alikuwa akitazama picha ya mwezi huo iliyopigwa kwa ajili ya usafiri wa chombo, iliyoachwa iingize mwanga mwingi ili nyota za nyuma zionekane. Alipoongeza mwanga wa ukingo akaona kitu kama mwezi mwingine ukichungulia nyuma ya Io. Ulikuwa moshi wa volkano, wa kwanza kuonekana ukifuka nje ya Dunia, ukipanda zaidi ya kilomita 250. Tafuta picha za Voyager 1 za tarehe 8 Machi zenye hilali nyembamba, usijali kwamba hilali imeungua kwa weupe, kisha uvute mkunjo wa mwanga kwenye robo ya chini tu, ukitazama nje ya ukingo.